Jiko Lisilo na Sauti

Nguo huungua kwa namna nyingi, na mtoto wa fundi cherehani huzijua namna hizo kabla hajajua kusoma. Pasi huunguza katikati, ikaacha alama bapa ya kahawia yenye umbo la pasi yenyewe. Moto wa jiko hula kuanzia ukingoni, kama panya, na unapoachia huacha weusi uliojikunja. Kwa hiyo siku binti alipomkuta mama yake amevaa gauni lililoliwa mkono wa kulia, na mama akasema, "Pasi hiyo, nilijisahau," binti aliushika ule mkono wa gauni. Akaukunjua ule weusi kwa kidole gumba, akaunusa.

"Pasi gani hii yenye meno, mama?"

Mama akauvuta mkono wake. "Umekuja kunisalimu au kunipekua?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa kaa."

Mtaani wanamwita Bi Pindo. Suruali iliyozidi urefu, gauni lililotakiwa lishuke chini ya goti, pazia lililoburuta sakafuni, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kuuona uzi wake kwa nje. Mwenyewe husema pindo ni kama tabia njema: likiwapo halijitangazi, likifumuka hata mpita njia anajua.

Sasa macho yalikuwa yakimfumuka. Presha ya macho, alisema daktari. Kilichokwenda hakirudi, tukilinde kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kama kuitazama dunia kupitia tundu la kifungo, na tundu lenyewe lilikwisha kuingiwa na ukungu. Binti yake hakuambiwa hivyo. Aliambiwa, "Macho yamechoka," na kwa kuwa mama alimwambia hayo huku akimmiminia chai kikombeni bila kumwaga tone, aliamini.

Aliyejua ni mtu mmoja tu, Fundi Soli, mshona viatu ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba ya Bi Pindo kama mlevi anavyomwegemea rafiki yake. Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda, Fundi Soli huingia chumba cha kazi bila kubisha, akaketi penye cherehani, akamtungia Bi Pindo nyuzi kwenye sindano za kutwa nzima. Nyeusi huzichomeka kushoto mwa kimto, nyeupe kulia, za rangi juu. Halafu hutoka. Hajawahi kumwambia mtu. Kumtungia jirani uzi si habari ya kusimuliwa.

Na ndani ya nyumba ile Bi Pindo hakuhitaji macho sana. Chumba cha mbele ni cha kazi, cherehani dirishani. Kisha ukumbi mwembamba ambao mabega yake yaliujua pande zote mbili, kisha chumba cha kulala, na mwisho jiko, lenye mlango wa uani unaolia kwa bawaba. Chumvi ilikaa kwenye kopo lenye kifuniko kilichobonyea, sukari kwenye lenye kifuniko kizima. Kisu kilining'inia. Alipika kwa sikio. Moto mkubwa wa gesi ulinguruma, mdogo ulinong'ona. Mafuta yakiiva yaliacha kulalamika. Wali ukikauka maji ulitoa mlio wa mvua inayokwenda zake, naye akageuza swichi, na moto ukakata kauli, fyu. Kuzima kulikuwa kusikia kimya.

Ila moto, kwa sauti yake yote, hausemi uko umbali gani na mkono wa gauni.

"Nisikilize, mama," binti alisema. "Mambo ni mawili. Ama tununue jiko lisilo na moto, ama uje ukae kwangu."

"Kwako ghorofa ya nne."

"Lifti ipo."

"Lifti ipo. Na mimi nitakuwa wapi?"

"Na mimi! Chumba kipo, kitanda kipo. Utapumzika. Umeshona vya kutosha."

"Sikiliza na wewe sasa," Bi Pindo alisema, taratibu, akilaza viganja vyake juu ya meza ya kukatia. "Hapa mimi si kipofu. Kwako nitakuwa kipofu."

Binti aliyachukua maneno yale kama maneno ya watu wazima ya kukatalia jambo. "Hujawa kipofu popote, mama. Si umesema mwenyewe, macho yamechoka tu?"

Palikuwa na nafasi hapo, pana kama mlango, na Bi Pindo angeweza kupita nayo akasema yote. Akainama, akaokota kipande cha chaki kisichokuwa kimeanguka.

"Basi tununue hilo jiko," akasema.

*

Fundi Soli alipopata habari alicheka mpaka akatoa misumari mdomoni.

"Jiko lisilo na moto! Bi Pindo, hilo ni kama mume asiye na sauti. Utajuaje kama yumo ndani?"

"Nitajua chakula kikiiva."

"Na kisipoiva?"

"Nitakuletea wewe. Si unakula hata gundi?"

"Gundi yangu ina ladha kuliko chai yako," alisema, akarudisha misumari mdomoni. Kisha akaitoa tena, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Lakini umemwambia? Mtoto?"

"Nitamwambia."

"Mwambie kabla hamjaenda dukani."

"Soli, shona viatu."

Jioni ile binti alipiga simu. Alikuwa amesoma kila kitu kuhusu majiko hayo, tena mara mbili mbili, kwani ndivyo alivyo. Hata karatasi ya dawa ya kikohozi huisoma mpaka mwisho. Yanaitwa ya indaksheni, alisema. Hayana moto, wala waya unaokuwa mwekundu. Chini ya kioo mna koili ya umeme inayofanya kazi kama sumaku, na kinachopata joto ni sufuria yenyewe. Ukiinua sufuria, jiko linanyamaza. Mkono wa gauni ukilala juu yake, hauungui. "Ila si kila sufuria itakubali, mama. Lazima iwe ile inayoshikwa na sumaku. Tafuta sumaku ujaribu."

Kumwambia fundi cherehani atafute sumaku ni kumwambia mvuvi atafute maji. Sumaku ya Bi Pindo ilikuwa nzito, ya umbo la kwato, imefungwa utepe mwekundu uliokwisha kuwa mweusi kwa kushikwa. Kila jioni alipofunga kazi aliiburuta sakafuni kwa utepe wake, pembe hadi pembe, ikaokota pini zote zilizoanguka kutwa. Hakuwahi kulala bila kufanya hivyo. Binti alitambaa katika chumba kile, akajifunza kutembea humo peku, na hajawahi kuchomwa hata siku moja.

Aliichukua jikoni, akashusha sufuria zake zote, akazigusa moja moja. Ile ya wali: kimya. Ya mboga: kimya. Ile pana ya wageni, aliyoipenda kuliko zote, sumaku iliteleza juu yake kama mtu asiyemjua mwenzake. Zote alumini. Mwisho kabisa, chini ya kabati, ikatokea ile kongwe ya chuma iliyopakwa rangi, aliyoachiwa na mama mkwe, ukingo umebanduka, haipendezi, nzito kama deni la ukoo. Sumaku ikairukia. Ta!

Bi Pindo alicheka peke yake. "Kumbe katika nyumba nzima, ni mkwe tu mwenye damu."

*

Duka lilikuwa na baridi ya mashine na sakafu inayoteleza. Bi Pindo alitembea ameshika mkono wa binti, na binti akafurahi, akadhani ni mapenzi. Yalikuwamo pia.

Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kutangaza mpira. Aliwapanga mbele ya meza, akatandaza gazeti juu ya jiko moja la kioo, akaweka sufuria ya maji juu ya gazeti, akawasha. "Tazama mama, tazama dada! Maji yanachemka, gazeti halina habari!" Watu wawili watatu wakasogea kushangaa. Bi Pindo naye akatikisa kichwa kwa mshangao, kwa kuwa alisikia wenzake wakifanya hivyo. Alichosikia yeye ni mvumo mdogo, kama wa nyuki ndani ya kopo, na mbali kidogo, maji.

"Moto uko wapi?" aliuliza.

"Ndiyo uzuri wake, mama. Haupo."

Binti alikuwa na maswali yake. Je, likipata joto kupita kiasi? Linajizima. Je, mtu akisahau? Linajizima. Sufuria ikikauka? Linajizima. Lina kufuli? Lina kufuli. Kila "linajizima" ilimlegeza binti mabega, kama mtu anayevuliwa mizigo mmoja mmoja. Alikuwa na wiki mbili halali vizuri. Kila akifumba macho aliona mkono wa gauni.

Bi Pindo alikuwa amechoka kusimama. Akashika ukingo wa rafu, mkono ukateleza chini, na kule chini, miguuni karibu, penye vumbi, vidole vyake vikakuta jiko jingine. Lilikuwa na kioo kama wenzake. Lakini mbele yake lilikuwa na swichi ya kuzungusha, nene, yenye mikunjo pembeni kama ya ukosi. Akaizungusha. Tak. Akaizungusha tena. Tak, tak, tak. Kila hatua ilisimama mahali pake, ikamgonga kidoleni, ikamwambia: nipo hapa, sasa nipo hapa. Ilikuwa kama gurudumu la cherehani ukilizungusha kwa mkono. Uso wake ukafunguka.

"Na hili?"

"Aa, mama, hilo la zamani," muuzaji alisema. "Limebaki hilo moja. Hawaleti tena. Halina saa, halina kufuli, halina kujizima. Ukilisahau, linaendelea tu."

Ukilisahau, linaendelea. Binti hakuhitaji kusikia zaidi.

"Sio hilo, mama. Njoo uone hili." Akamsogeza mbele ya la kwanza, jeusi, bapa, laini kama maji ya ndoo asubuhi. "Huku mbele ndiko unakogusa. Kuwasha, kuzima, kuongeza, kupunguza. Namba zinatokea hapa, nyekundu. Unaziona?"

Bi Pindo aliona wekundu. Wekundu tu, kama mtu aliyevaa nguo nyekundu amesimama mbali kwenye mvua. Mkono wake mwingine ulikuwa bado nyuma, chini, juu ya ile swichi. Kusema "nataka hili" kulikuwa kusema kwa nini. Kusema kwa nini kulikuwa ghorofa ya nne.

Nyuma yake muuzaji alikuwa ametoka kumwambia mteja mwingine habari za jiko hilohilo, kwa ile sauti yake ya mpira, "Sasa hivi liko wati mia nane!"

"Mia nane," alisema Bi Pindo.

Binti alishusha pumzi ndefu, akamkumbatia mama yake palepale mbele ya watu. "Basi hili ndilo."

Bi Pindo aliuondoa mkono kwenye swichi. Akapangusa vumbi kwenye gauni lake.

*

Siku jiko lilipoletwa, binti alikaa jikoni mpaka mchana akimfundisha. Alilisogeza karibu na soketi, akaonyesha, akarudia. "Na kitu kimoja usisahau, mama. Ukisikia linavuma, ujue liko kazini." Kisha akafungua mtungi wa gesi na jiko lake la zamani, akamkabidhi Fundi Soli, asije mama akarudi nyuma.

"Jumapili nakuja kula," alisema mlangoni. "Upike wewe mwenyewe. Ukipika vizuri kwa amani, habari ya kuhama nimeizika. Sitaitaja tena."

"Uizike kwa kina kirefu," Bi Pindo alijibu, na wote wakacheka.

Alipobaki peke yake alilisogelea jiko lile, akaweka vidole juu yake. Halikuwa na mwanzo wala mwisho. Pindo lina upande, kitambaa kina nyuzi zinazokwenda na zinazokatiza, hata giza lina kona, kioo hakina. Alipotafuta pa kuwashia, vidole vilipita juu ya sehemu nyingine zote za kugusa, na kila zilipoguswa zililia, pi, pi, pi, zote kwa sauti moja, kama watoto waliovunja kitu. Alitaka kuwasha, akafunga kufuli. Akataka kufungua kufuli, akazima. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akala mkate.

Kesho yake akafanya kama fundi wa nguo angefanya. Alimwaga kopo la vifungo kitandani, akachagua kwa ncha za vidole: cha koti, kikubwa, cha kuwashia; cha matundu mawili cha kuzimia; kidogo cha shati la mtoto cha kupunguzia; cha matundu manne cha kuongezea. Fundi Soli alikuja na gundi yake, akamwonyesha mahali pa kila kimoja, akavibandika vikanyooka kama vya sare.

"Mbona sasa limependeza," alisema Fundi Soli. "Linataka mifuko tu."

Bi Pindo akabonyeza kile cha koti. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya. Akabonyeza vyote, kimoja kimoja, halafu vyote kwa pamoja, kama mpiga kinanda asiyejua wimbo. Jiko lililomlilia jana kwa kuguswa tu, leo halikumsikia. Lilitaka ngozi ya mtu. Kifungo kilisimama katikati yao kama mkalimani bubu. Walivibandua kwa kisu cha viatu, wakisikiliza kioo kisipasuke. Gundi ilibaki kwa madoa magumu ambayo hayakutoka.

"Tulirudishe dukani," Fundi Soli alisema.

"Na gundi hii?"

Fundi Soli akaanza kusafisha kisu ambacho hakikuwa kichafu.

Usiku ule aliota matundu ya vifungo. Alipoamka alikata kitambaa kizito cha mfuko wa suruali, akapima kwa vidole, Fundi Soli akatia alama za chaki, naye akatoboa matundu manne, akayashona kingo zake kwa ule mshono mzito unaopandana, ulioinuka kama ufizi. Alipokitandaza mbele ya jiko, kidole kilitembea juu ya kitambaa salama, kikakuta ukingo, kikaingia tunduni, kikagusa kioo. Pi. Na jiko likaanza kuvuma.

Fundi Soli alipiga meza kofi. "Mwanamke huyu! Umelivalisha nguo, likakutii!"

Alichemsha maji. Akachemsha mayai. Alihesabu milio: mmoja kupanda, mmoja kushuka. Kwa siku chache nyumba ile ilikuwa nyumba yake tena, na aliposhona aliimba puani.

*

Jumapili aliamka mapema. Aliosha mchele, akautia katika sufuria ya mama mkwe, akatandaza kitambaa chake, kidole kikaingia tunduni. Pi. Akapandisha. Mvumo ukaja. Mboga ilikuwa tayari. Aliipika jana yake, ikabaki kupashwa tu. Binti alifika, akaketi chumba cha mbele akisimulia hadithi za kazini, na mama akamjibu kutoka jikoni, kwa sauti kubwa, ya mwenye nyumba.

Hakuna aliyeona maji ya wali yalipofura. Yaliinua kifuniko kidogo, yakashuka pembeni mwa sufuria, yakafika kwenye kitambaa, na kitambaa kile kizito kikayanywa yote. Jiko likaguswa mahali pote kwa wakati mmoja. Likalia mara moja, pi, katikati ya kicheko cha binti, na likajizima. Lilifanya kama lilivyoahidi dukani. Lakini feni yake iliendelea kuvuma, kwani jiko lile hujipoza muda mrefu baada ya kuzimika, na Bi Pindo, aliyekuwa akikatakata vitunguu vya kachumbari, aliusikia mvumo na moyo wake ukatulia. Liko kazini.

Mvumo uliponyamaza, yeye mwenyewe hakuwa jikoni. Alikuwa akitandika meza. Aliporudi akakuta kimya, akasema moyoni, nilizima. Miaka yote, kimya kilikuwa na maana moja tu.

Akapakua.

Binti alitia tonge la kwanza mdomoni. Lilikuwa vuguvugu. Punje zilikuwa zimelainika nje, ndani zina kiini kigumu kama changarawe. Akatafuna. Akameza. Akachota tena.

"Wali mzuri, mama."

Bi Pindo alikuwa bado hajala. Alipotia mkono na kuonja, uso wake haukubadilika. Taya zake tu zilisimama. Halafu akayasikia meno ya mwanawe yakisaga, ng'a, ng'a, ng'a, kwa subira, kwa mapenzi.

"Acha," alisema.

"Nakula, mama. Una kiini kidogo tu, unaliwa."

"Acha, nimesema. Macho yangu ndiyo mabovu, ulimi ni mzima. Usinidanganye mezani kwangu."

Binti akaweka mkono chini. Palepale, neno lile moja likamrudia. "Mabovu? Si yamechoka?"

Bi Pindo aliisukuma sahani ya wali pembeni.

Binti aliinuka, akaenda jikoni. Alikuta maji mezani, kitambaa kimelowa, kimejikunja kando. Akakiinua, akaona matundu manne yaliyoshonwa vizuri kupita yote aliyowahi kuyaona, na chini yake, juu ya kioo, madoa manne ya gundi. Aliporudi, kitambaa kilikuwa mkononi mwake kikidondoka.

"Dukani uliniambia mia nane."

"Nilimsikia yule bwana akisema."

"Na chaki? Na chai? Unayonimiminia kila nikija?"

"Kikombe kikijaa kinabadili sauti, mwanangu. Hukuwahi kusikiliza?"

"Mama, kwa nini? Lile la kuzungusha lilikuwa palepale! Mkono wako ulikuwa juu yake! Ungesema neno moja tu."

"Neno moja lingenipeleka kwako," Bi Pindo alisema. "Nikaona nilimeze. Sasa limenipeleka vilevile."

Binti aliingia tena jikoni. Alikausha jiko, akasimama mbele yake, akafumba macho, akanyoosha kidole. Pi. Pi. Pi, pi. Aliyekuwa amemchagulia mama yake jiko kwa kusoma kila kitu alilipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo majini. Hakuweza kuliwasha. Alipofumbua macho alikuwa akilia, na kwa kuwa hakutoa sauti, alidhani hakusikika.

*

Alipiga simu dukani kesho yake. Lile la swichi lilikuwa moja, dada, likanunuliwa. Akazunguka maduka mengine, kila jioni baada ya kazi, akiinama penye rafu za chini, akiuliza. Walimwonyesha vioo. Vioo vyeusi, vioo vyeupe, vioo vinavyoongea na simu. Moja lilikuwa na swichi, lakini lilikuwa la hoteli, kubwa kama meza, na waya wake ungeunguza nyumba nzima. Muuzaji mmoja alimuuliza kwa upole kwa nini hataki la kisasa, naye akainama tena kwenye rafu ya chini.

Fundi Soli naye alijitolea. Alikuja amevua kofia, jambo asilolifanya.

"Nitakuja kukubonyezea mimi," alisema. "Asubuhi, mchana na jioni. Si niko hapo nje?"

"Leo utabonyeza, kesho utaonja, kesho kutwa utasema chumvi haitoshi," Bi Pindo alijibu.

"Na kweli huwa haitoshi."

Walicheka kidogo. Kisha Bi Pindo akasema, "Na siku ukiumwa, Soli? Na siku ukisafiri? Nilimpa mtoto wangu mchele mbichi, akala. Angeula wote. Hilo ndilo lililonitisha, si moto."

Fundi Soli alikaa penye cherehani, akatunga sindano zote zilizokuwamo kwenye kimto, hata zile kubwa za magunia, mpaka uzi mweusi ukaisha.

*

Siku ya kuhama ilikuwa ya kawaida. Hata mawingu hayakujishughulisha. Cherehani ilibaki, ingesumbua majirani wa chini. Jiko la kioo lilirudishwa ndani ya boksi lake, zima, na madoa yake manne ya gundi, halijamchoma mtu yeyote. Bi Pindo alizunguka nyumba yake bila kugusa ukuta. Alifunga mlango wa uani, akaisikiliza bawaba mpaka mwisho. Alichukua kopo la vifungo, kimto cha sindano, sufuria ya mama mkwe.

"Tumemaliza, mama?"

"Bado pini."

Akafungua utepe, akaishusha sumaku sakafuni, akaanza penye mlango. Aliiburuta pembe hadi pembe, chini ya meza ya kukatia, chini ya kiti, kuzunguka miguu ya cherehani, na kila pini iliyonaswa ilisema tik, naye akaitikia kwa kichwa. Binti alivua viatu, akasimama kando, peku, kama alivyosimama hapo akiwa mtoto.

Bi Pindo aliinua sumaku, akapitisha kidole gumba juu ya pini zake. "Haya. Sasa mtu anaweza kupita."

Pini moja ilikuwa imebaki katikati ya chumba, mahali pa wazi kabisa, inang'aa kwa mwanga wa dirisha. Binti aliiona. Alipiga magoti polepole ili nguo isisikike, akaiokota, akausogeza mkono karibu na sumaku iliyokuwa ikining'inia kwa utepe, akaiachia.

Tik.

Bi Pindo aligeuza uso upande aliko mwanawe, chini, karibu na sakafu, mahali hasa alipopiga magoti.

"Umesikia?" alisema. "Nilijua imebaki moja. Sumaku yangu haiachi kitu."

"Haiachi, mama," alisema binti.

Bi Pindo akaizungushia sumaku utepe wake, akaitia mfukoni. Walipofika kizingitini, palipoanzia barabara, akanyoosha mkono, ushikwe.